Kukimbia Vizuri na Kupumzika Vizuri: Somo kwa Wanaoishi Ugenini



Wapendwa wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawalenga hasa wale wanaoishi mbali na kwao kwa ajili ya kazi, pamoja na familia zilizowatuma. Katika kila parokia ya Shinyanga, Kahama na Geita wapo vijana waliotoka vijijini wakaenda kwenye maduara ya Katoro, Nyarugusu au Mgusu, au wakaajiriwa katika migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, au Mwadui kwenye almasi. Wapo pia waliotoka mikoa mingine kuja kwetu, na watoto wetu waliokwenda mbali zaidi, hata nje ya nchi. Wote hao tunawaita watu wa ugenini.

Siku hizi wengi wao wameanza kukimbia. Jumamosi alfajiri utawaona barabarani katika vikundi, wamevaa fulana za rangi moja, wakiimba. Ni jambo jema. Lakini Jumatatu tunawaona baadhi yao kwenye hudhurio la wagonjwa wa nje: huyu goti limevimba, yule muundi unauma, mwingine kifua kinambana. Wengine hawakuumia kwa kukimbia, bali kwa namna walivyoitumia siku yao ya mapumziko. Kwa hiyo tumeona vema tufundishe mambo mawili pamoja: namna ya kukimbia bila kuumia, na namna ya kuutumia mwisho wa juma ili mwili na roho vipate nguvu mpya.

1. KWA NINI TUKIMBIE?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za zoezi la wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za zoezi zito kama kukimbia. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 kila siku. Zoezi husaidia kuzuia shinikizo la damu, kisukari, unene na magonjwa ya moyo. Pia huleta usingizi mzuri na kupunguza huzuni.

Mama anayebeba ndoo ya maji kutoka kisimani na baba anayelima kwa jembe wamekwisha kupata zoezi lao, wala hatuwadai wakimbie. Lakini dereva wa gari kubwa la mgodini hukaa kwenye kiti zamu nzima. Mlinzi husimama mahali pamoja. Karani hukaa mezani. Hawa kazi yao huwachosha bila kuwapa mazoezi. Uchovu wa kukaa na uchovu wa kufanya zoezi si kitu kimoja.

2. TUJIFUNZE KWA WAKIMBIAJI WETU

Taifa letu limejaliwa wakimbiaji walioishi na kushindana ugenini. Suleiman Nyambui, mwana wa Majita katika Mkoa wa Mara, alikwenda kusoma katika chuo kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, kisha akashinda mbio ndefu za Berlin mwaka 1987 na 1988. Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho mjini Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, akavunja rekodi ya dunia.

Karibuni zaidi, Alphonce Simbu alikuwa wa tano katika mbio ndefu za Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata medali ya shaba ya mashindano ya dunia mjini London mwaka 2017, na mwezi Septemba 2025 mjini Tokyo akapata medali ya dhahabu. Alikimbia kilometa 42 na ushei kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na mshindi wa pili alimfuata kwa tofauti ya sehemu 3 tu za mia za sekunde moja. Tuangalie miaka hiyo. Kutoka shaba hadi dhahabu ni miaka minane. Kijana anayeanza kukimbia Jumamosi hii akitaka kilometa kumi na tano Jumamosi ijayo, anataka kuvuna kabla ya kupanda.

Yupo pia mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia katika mbio ndefu za Mexico mwaka 1968, lakini akafika mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Tunamheshimu sana. Hata hivyo tunawaomba vijana wasimwige katika mazoezi ya kila juma. Yeye alikuwa amebeba jina la taifa siku moja katika maisha yake. Wewe goti likiuma Jumamosi asubuhi, huna taifa linalokungoja mwisho wa barabara. Simama, rudi nyumbani kwa kutembea.

3. NAMNA YA KUKIMBIA

Watu wengi hufikiri kukimbia hakufundishwi. Kweli kila mtoto anajua kukimbia, lakini mtu mzima aliyekaa miaka mingi bila kukimbia amesahau, na mwili wake umekuwa mzito. Yafuatayo yatamsaidia.

(a) Kichwa na mabega. Mwangalie mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Shingo imenyooka, kichwa hakirukiruki, macho yanatazama mbele, na maji hayamwagiki. Kimbia kama uliyebeba ndoo hiyo. Usitazame miguu yako. Mabega yashuke, yasipande kuelekea masikioni.

(b) Mikono. Kunja viwiko, mikono iende mbele na nyuma kando ya mwili. Isikatize kifua, kwa maana mwili utapindapinda na kupoteza nguvu. Usikunje ngumi kwa kukaza. Shika vidole kama umeshika yai la kuku.

(c) Hatua. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani mwendo mzuri ni kurusha mguu mbali mbele. Mguu ukitua mbali mbele ya mwili, kisigino hupiga chini kama nyundo, na goti hupokea kishindo chote. Afadhali hatua fupi na za haraka, mguu utue karibu na chini ya nyonga. Hesabu mguu wa kulia unavyokanyaga kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa 4. Utapata hatua zako zote kwa dakika. Ukipata 150, jaribu taratibu kufikia 160 pasipo kuongeza mwendo. Badiliko hilo dogo hupunguza mzigo kwenye magoti.

(d) Sauti ya miguu. Sikiliza unavyokanyaga. Ukisikia kishindo, unapiga chini kwa nguvu mno. Mkimbiaji mzuri hupita bila kuamsha mbwa.

(e) Pumzi. Jipime kwa sala. Ukiweza kusali Salamu Maria yote kwa sauti ukiwa unakimbia, mwendo wako ni wa kufaa. Ukikatika kila baada ya maneno mawili, umezidisha. Punguza au tembea. Kwa mwanzoni mwendo wa Salamu Maria unatosha kabisa. Tena hauhitaji saa ya mkononi.

4. MPANGO WA MAJUMA KUMI

Kimbia siku tatu kwa juma, kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na kati ya siku hizo uwe na siku ya kupumzika. Kila mara anza kwa kutembea dakika tano na kumaliza kwa kutembea dakika tano.

Juma la 1 na la 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8.
Juma la 3 na la 4: kimbia dakika 2, tembea dakika 2, rudia mara 6.
Juma la 5 na la 6: kimbia dakika 4, tembea dakika 2, rudia mara 4.
Juma la 7 na la 8: kimbia dakika 8, tembea dakika 2, rudia mara 3.
Juma la 9 na la 10: kimbia dakika 12, tembea dakika 2, rudia mara 2.

Juma likiwa gumu, lirudie, hakuna aibu. Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza, ukimbie jioni. Misuli na mifupa huchoka wakati wa zoezi, lakini hujengeka wakati wa kupumzika na kulala. Asiyepumzika anabomoa tu, hajengi. Haraka haraka haina baraka.

5. MAHALI, WAKATI NA MAVAZI

Shinyanga kuna joto na ukame, hasa miezi ya Septemba na Oktoba. Kimbia alfajiri au jioni, usikimbie saa saba mchana. Kunywa maji kabla ya kwenda na baada ya kurudi, kwa kadiri ya kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya majani ya chai, maji hayatoshi. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa na ngozi yake kuwa ya moto sana, huyo joto limempata: mwekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Msimnyweshe kwa nguvu.

Barabarani kimbieni upande wa kulia, ili muyaone magari yanayokuja mbele yenu. Gizani vaeni nguo nyeupe. Epukeni barabara ya malori yenye vumbi, na msikimbie karibu na makarasha wala mahali panapochomwa zebaki. Moshi wa zebaki hauonekani vizuri, lakini hudhuru ubongo na figo.

Viatu vya mtumba vinafaa, mradi uvichague. Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma. Kama kimelala upande, kiache. Soli ikunjike sehemu ya vidole, isikunjike katikati. Mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Usikimbie na buti za kazini wala ndala. Kukimbia peku sehemu zenye misumari, chupa na kinyesi huleta pepopunda na safura. Akina mama wanaweza kuvaa suruali ya michezo chini ya sketi au kitenge, wakawa na heshima na wakakimbia vizuri.

6. PUMZI IKIKATIKA SI UVIVU KILA MARA

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa sauti nyumbani.

Tulimpokea kijana mmoja, mwenyeji wa Kishapu, aliyefanya kazi ya kusaga mawe kwenye karasha kwa miaka minne. Alijiunga na kikundi cha wakimbiaji. Wenzake walimwacha nyuma kila Jumamosi, wakamtania kuwa ni mvivu wa Kishapu. Yeye akaongeza mazoezi, akakimbia hata siku za kupumzika. Pumzi ikazidi kukatika. Alikuwa akikohoa miezi miwili, akidhani ni vumbi tu. Alipofika kwetu alikuwa amepungua kilo nyingi. Makohozi yalipopimwa, ilikuwa kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita bila kukosa, naye akapona. Lakini katika miezi ile miwili alikuwa amelala chumba kimoja na wenzake watano, na wawili kati yao nao walikutwa na ugonjwa.

Vumbi la mawe ya dhahabu lina chembe ndogo sana za silika. Zikiingia mapafuni hazitoki. Huleta makovu ambayo hayaponi, na mapafu yenye makovu hushikwa upesi na kifua kikuu. Hapo mazoezi hayasaidii kitu mpaka ugonjwa upimwe. Kwa hiyo mchimbaji, msagaji au mtu yeyote aliyekaa kwenye vumbi asianze kukimbia kabla ya kupimwa ikiwa ana dalili hizi: kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, au makohozi yenye damu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika nchi yetu. Na kazini, vumbi lizuiwe kwa kulowesha mawe maji. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe hizo.

Wengine wanaopaswa kumwona mganga kwanza ni hawa:

(a) Mwenye selimundu. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huu. Wanaweza kucheza, lakini wasilazimishwe kushindana, wanywe maji ya kutosha na wapumzike wanapotaka. Walimu wa michezo waambiwe.

(b) Mwenye homa. Aliyeugua malaria amalize dozi na arudishe nguvu ndipo akimbie.

(c) Mama mjamzito. Kutembea ni kuzuri. Kama alikuwa mkimbiaji kabla ya mimba, aulize kliniki.

(d) Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu.

Ukikimbia ukasikia kifua kinabana, au maumivu yanayopanda mkono na taya, au kizunguzungu cha kuanguka, simama hapo hapo, uende hospitali siku hiyo hiyo.

7. UKIUMIA

Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Maumivu yanayoongezeka unapokimbia, au yaliyopo bado asubuhi ya pili kwenye goti au muundi, yanakuambia upumzike. Ukibonyeza mfupa kwa kidole na kupata sehemu moja inayouma sana, huenda mfupa umepata ufa mdogo. Acha kukimbia, uje upimwe.

Kifundo kikiteguka, pumzisha mguu, weka kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, funga bandeji isiyobana sana, na uinue mguu juu ya mto. Usichuliwe kwa nguvu siku za kwanza. Na tunawasihi: msimeze diklofenaki kabla ya kukimbia ili msisikie maumivu. Dawa hiyo pamoja na upungufu wa maji huweza kudhuru figo na kuchubua tumbo. Maumivu ni mlinzi. Ukimlevya mlinzi, mwizi ataingia.

8. MAPUMZIKO YA MWISHO WA JUMA

Tumekwisha sema kwamba mwili hujengeka wakati wa kupumzika. Sasa tuulize: mtu wa ugenini anapumzikaje?

Wengi huwa na siku chache za mapumziko, fedha mfukoni, na hawana ndugu karibu. Upweke ni mzigo mzito kuliko jiwe la dhahabu. Mtu husema anakwenda kupoteza mawazo, akapoteza mshahara, afya, na wakati mwingine ndoa yake. Virusi vya Ukimwi bado vipo. Uaminifu katika ndoa na kupima wote wawili kabla ya ndoa haujapitwa na wakati. Pombe nayo huondoa maji mwilini na kuharibu usingizi, hata anayekunywa usiku wa Ijumaa hawezi kukimbia vizuri Jumamosi.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, tunasoma habari za nabii Elia. Alichoka hata akaomba kufa. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku arobaini. Na katika Injili ya Marko, sura ya 6, Bwana wetu aliwaita mitume waende mahali pa faragha wapumzike, kwa sababu hawakuwa na nafasi hata ya kula. Kupumzika si dhambi wala si anasa ya matajiri. Lakini tuangalie Elia alipewa nini: usingizi, chakula, maji, na malaika wa kumgusa. Hayo ndiyo mapumziko.

Tunapendekeza kila kikundi cha wakimbiaji au Jumuiya Ndogo Ndogo ichange fedha kidogo kidogo kila juma, na mara moja au mbili kwa mwaka waende safari ya siku moja au mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Mahali pa kwenda hapakosekani katika kanda yetu:

(a) Bujora, huko Kisesa karibu na Mwanza. Ni kituo cha utamaduni wa Wasukuma kilichoanzishwa miaka ya 1950 na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada. Kuna ngoma za watemi wa zamani, vifaa vya nyumbani vya mababu, na kanisa lililojengwa kwa mtindo wa msonge. Wakati wa sherehe ya Ekaristi Takatifu, mwezi wa Juni hivi, huchezwa ngoma za Bulabo, Wagika na Wagalu wakishindana. Msukuma aliye mgodini atakuta kwao hapo, na mgeni atawajua wenyeji wake.

(b) Kisiwa cha Saanane, mjini Mwanza penyewe. Ni hifadhi ndogo ya taifa tangu mwaka 2013, na boti hufika kwa dakika chache. Waliopo Geita siku hizi hawangoji tena kivuko, kwa kuwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025.

(c) Kisiwa cha Rubondo, katika Mkoa wa Geita, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Huko wapo sokwe ambao wazee wao walirudishwa Afrika kati ya mwaka 1966 na 1969 baada ya kuishi kifungoni Ulaya. Safari hii ina gharama zaidi. Ulizeni bei ya raia na ya boti kabla ya kupanga.

Huko mnakokwenda, kimbieni au tembeeni nusu saa asubuhi, kwa raha, bila kushindana. Njia mpya huifurahisha akili. Jumapili msikose Misa. Parokia ya ugenini ndiyo nyumbani kwa mgeni.

9. TAHADHARI ZA SAFARI

Kwanza, maji ya ziwa. Baada ya kukimbia mwili una joto, na ziwa linavutia. Lakini pembezoni mwa Ziwa Viktoria, hasa penye matete, kuna konokono wanaoeneza kichocho cha tumbo. Na katika malambo na mashamba ya mpunga ya Shinyanga kipo kichocho cha mkojo. Vijidudu hupenya ngozi kwa dakika chache tu, wala huvioni. Msioge humo. Aliyekwisha kuoga apime choo na mkojo baada ya miezi miwili hivi. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mwili.

Pili, vyombo vya majini. Hatujawasahau marehemu wetu wa MV Bukoba, Mei 1996, wala wa MV Nyerere, Septemba 2018. Msipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama ni cha mwisho siku hiyo. Kila mtu, na mtoto pia, avae jaketi la kuokolea.

Tatu, barabarani fungeni mikanda, na msimpande bodaboda bila kofia ya chuma wala mkiwa wawili nyuma. Msisafiri usiku wa manane ili kuwahi zamu. Rudini mapema Jumapili.

Nne, chukueni chandarua. Mbu wa safarini ana malaria kama wa nyumbani.

10. NENO KWA WAZAZI NA NDUGU

Mtoto aliye ugenini anaugua mambo ambayo hayaonekani kwa hadubini. Mara nyingi simu ya kutoka nyumbani ina habari moja tu: karo, bati, mchango wa harusi. Akiona namba ya baba, moyo unamshtuka. Tunaomba kila Jumapili mmoja wenu ampigie bila kuomba kitu. Mwulizeni amelala vipi, amekula nini, anakohoa au hakohoi, amekimbia na nani. Akisema pumzi inamkatika, msimwambie ajikaze. Mwambieni akapimwe, na mwulizeni tena juma lijalo kama amekwenda. Dakika tano hizo ni dawa, na huenda zikaokoa chumba kizima.

Nawe uliye ugenini, mkataa kwao ni mtumwa. Usingoje mpaka upate dhahabu ndipo uende kusalimu. Wazazi wako walikutuma wewe, nao wanataka urudi wewe, mwenye mapafu mazima na magoti mazima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani wanaoishi ugenini, na ni lini tulizungumza nao mara ya mwisho bila kuwaomba fedha?
2. Je, yupo kati yetu anayekohoa zaidi ya majuma mawili? Nani atamsindikiza kwenda kupimwa?
3. Vijana wetu hutumiaje siku ya mapumziko? Tunaweza kuandaa safari gani mwaka huu?
4. Kila mmoja ajaribu kutembea au kukimbia kwa mwendo wa Salamu Maria juma hili, kisha asimulie kwenye mkutano ujao.

 Mungu awalinde wote walio safarini na walio kazini chini ya ardhi.